Huyo Naye ni Daktari?

Wifi alikuwa ameshakata keki, kaka bado anasoma barua pepe ya kukubaliwa chuo cha udaktari. Miwani imeteremka puani, midomo inatembea kimyakimya kama mtu anayekagua hati ya kiwanja. Binti yake amesimama kwenye mlango wa jikoni anangoja kupongezwa.

"Mbona hapa wameandika DO?" kaka akauliza. "MD iko wapi?"

Binti akaeleza kwa utulivu, kama mtu aliyelitegemea swali hilo. Marekani kuna shahada mbili zinazomfanya mtu awe daktari, MD na DO, na hii ni mojawapo. Ataandika dawa, atapasua, ataweza kubobea katika moyo au watoto au akili. Ila chuo chake ni cha osteopathi, kwa hiyo juu ya yote hayo atafundishwa pia kutibu kwa mikono, mifupa na misuli.

Hapo kwenye mikono ndipo alipoharibu.

"Shangazi yake, unasikia?" kaka akanigeukia. "Nimepiga kazi mbili nchi hii, usiku na mchana, mtoto akasomee kuchua watu migongo."

Aliponisindikiza hadi kwenye gari alinipa kazi. Nimwambie binti akatae nafasi, asubiri mwaka mmoja, aombe tena, apate MD. "Wewe anakusikiliza," alisema.

Sikumwambia kitu. Wiki zikapita, kaka anapiga simu, mimi nazungusha maneno. Sikuwa na jibu, na sikupenda kumshauri mtoto wa watu juu ya maisha yake kwa kutumia aibu ya baba yake peke yake. Nikaanza kusoma. Jumamosi moja nikawasha gari kutoka Kansas City nikaelekea kaskazini mashariki, karibu saa tatu za mashamba ya mahindi na soya, mpaka Kirksville.

## Mtu aliyechoka na zebaki

Chuo cha kwanza cha osteopathi duniani kilianzishwa Kirksville mwaka 1892 na Andrew Taylor Still, na huwezi kukielewa bila kumwelewa yeye.

Alizaliwa Virginia mwaka 1828. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kimethodisti na tabibu kwa wakati mmoja, na Still alijifunza udaktari kwa kumfuata baba, kama walivyojifunza wengi zama zile. Familia ilipinga utumwa waziwazi. Walipohamia Kansas waliingia moja kwa moja kwenye mapambano ya kuzuia jimbo lile lisiwe la watumwa, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Still akapigana upande wa Kaskazini.

Mwaka 1864 homa ya uti wa mgongo ikaingia nyumbani kwake. Watoto watatu wakafa. Madaktari waliitwa, dawa zikatolewa, sala zikasomwa.

Dawa zenyewe tuzitazame kidogo, maana bila hizo mtu huyu ataonekana mwendawazimu. Daktari wa wakati ule alikuwa na kalomeli, ambayo ni zebaki, na mgonjwa alipewa mpaka ufizi unaoza na meno yanalegea. Alikuwa na kasumba. Alikuwa na pombe kali, na dawa za kutapisha na kuharisha. Wengine bado walikuwa wanatoa damu. Baba aliyezika watoto watatu baada ya matibabu ya namna hiyo akasema dawa hazifai, mimi simlaumu hata chembe.

Tatizo ni alichokiweka mahali pake. Still aliamini kwamba mwili una uwezo wa kujiponya, na kwamba maradhi hutokea mfupa unapokaa vibaya, hasa pingili za uti wa mgongo, ukabana mishipa ya damu na ya fahamu. Rudisha mfupa, damu ipite, mtu apone. Alisimulia kwamba alipokuwa mtoto aliumwa kichwa, akafunga kamba kati ya miti miwili, akalaza shingo juu yake, akasinzia, akaamka kichwa kimepoa. Nani kati yetu hajawahi kupata nafuu ya kichwa kwa kubonyezwa shingo? Kutoka hapo hadi kusema homa ya matumbo na kuhara damu navyo vinatokana na mifupa ni safari ndefu, na yeye aliisafiri bila kusita.

Anatomia aliifahamu kwelikweli. Lakini aliandika mwenyewe alivyoipata: alifukua mifupa kwenye makaburi ya Wenyeji wa Amerika. Mtu aliyekataa utumwa hakuona ubaya kuwatoa wafu wa watu wengine mchangani wawe vitabu vyake. Wasifu mwingi wa kumsifu hupita hapo haraka. Mimi nilishindwa.

## Vyumba viwili

Still alifika Kirksville mwaka 1875, baada ya kukataliwa Kansas na chuo ambacho familia yake ilisaidia kukianzisha. Alijitangaza kama mponyaji na mwunga mifupa wa kasi ya radi. Watu walimcheka, halafu migongo ikaanza kunyooka, halafu treni zikaanza kushusha wagonjwa. Hoteli zikajengwa. Wateja walipozidi mikono yake, akafungua shule.

Jengo lenyewe lipo mpaka leo, ndani ya jumba la makumbusho la chuo: kibanda cha mbao chenye vyumba viwili, kimepakwa rangi nyeupe. Wanafunzi 21 waliingia humo mwaka 1892, wanawake wakiwa miongoni mwao, jambo ambalo vyuo vingi vya udaktari vya wakati ule havikulikubali. Watoto wa Still mwenyewe walikuwa darasani. Anatomia ilifundishwa na William Smith, daktari aliyesoma Edinburgh, aliyekuja mjini akamsikiliza mzee, akabaki.

Sheria ilimruhusu Still kutoa shahada ya MD. Alikataa. Hakutaka wanafunzi wake wafanane na watu wa kalomeli, akawapa DO. Herufi zinazomkosesha kaka usingizi zilichaguliwa kwa kiburi na mtu aliyeweza kutoa zile nyingine.

Niliuliza moyoni: na sisi je? Mbona picha zote za mwanzo ni nyuso nyeupe? Meta Christy, anayetambuliwa kuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata DO, alihitimu mwaka 1921, tena Philadelphia, miaka 29 baada ya kile kibanda kufunguliwa. Wanawake waliingia siku ya kwanza. Weusi walisubiri.

Kitu kilichonisimamisha muda mrefu zaidi kiko kwenye kabati la kioo. Mwaka 1925 wanafunzi wawili, Schalck na Ramsdell, walichukua maiti moja wakaitenganisha mishipa yake ya fahamu yote, kutoka ubongo hadi vidole, bila kuikata. Ilichukua zaidi ya saa 1,500. Walianzia chini ya ubongo wakashuka, kila mshipa ukikunjwa kwenye pamba yenye dawa ili usikauke, mpaka mwisho wakautandaza wote ubaoni. Hakuna mfupa wala nyama. Ni umbo la mtu lililochorwa kwa nyuzi za rangi ya majani makavu: ubongo juu, macho mawili bado yananing'inia, uti katikati, na matawi yanayozidi kuwa membamba yakishuka mikononi na miguuni.

Nilitafuta mahali ambapo mkono wao uliteleza. Sikupaona.

Wapinzani walikuwa wanawaita watu wa chuo hiki wababaishaji mwaka huohuo.

## Mama wa Uvira

Kabla ya kurudi niliingia dukani kununua maji. Kwenye foleni mbele yangu mama mmoja anaongea na simu kwa Kiswahili, sauti juu. Kumbe Wakongo wamejaa Kirksville. Wengi wamekuja miaka ya karibuni, na viwanda vya nyama vya eneo lile vimewaajiri sana. Nilimsalimia. Alikata simu palepale.

"Dada, weye uko mutu wa Tanzania?"

Yeye ni wa Uvira. Kazi yake ni kukata nyama kwenye mkanda unaotembea, mkono uleule, mwendo uleule, zamu nzima. Nikamweleza kilichonileta na yeye akanionyesha bega la kulia.

"Hii iliniumizaka sana. Docteur ananikamataka hapa, anavuta polepole, anazungusha. Kisha ananipa na dawa."

Nikamuuliza huyo daktari ni DO au MD.

"Sijue. Ye eko docteur."

## Unywele chini ya karatasi

Mpwa wangu ana rafiki, binti wa Kikenya, yuko mwaka wa pili kwenye chuo kimoja cha DO. Alikuja kwa kaka wikendi moja na meza ya kukunja mgongoni, maana wanafunzi hawa hujinunulia meza zao za mazoezi kama wapiga gitaa wanavyobeba gitaa. Alihitaji mwili wa kufanyia mazoezi. Kaka alitoka ghafla kwenda kuangalia mafuta ya gari. Nikajitolea mimi.

"Anti, naomba nikushike shingo. Ukisikia vibaya niambie, nitaacha."

Nililala chali. Alisimama nyuma ya kichwa changu, akaweka viganja chini ya shingo, asifanye kitu kwanza. Halafu vidole vikaanza kutembea pingili moja baada ya nyingine, taratibu, huku anajisemea: hapa pamekaza, hapa ni laini, upande huu unageuka, upande huu unagoma. Aliniambia nisukume kichwa kidogo dhidi ya mkono wake, nishikilie, niachie. Akakipeleka mbele kidogo. Tena. Mara ya tatu kichwa kiligeuka upande ambao nilikuwa nimeshausahau.

Muujiza? Hapana. Misuli ilichoka ikaachia. Kesho yake shingo ilikuwa nzuri, kesho kutwa ikarudi ilivyokuwa.

Lakini nilimwuliza vidole vimejifunzaje. Akacheka. Mazoezi ya kwanza kabisa ni kuweka unywele chini ya karatasi, kufumba macho, na kuutafuta kwa ncha za vidole. Ukiupata unaongeza karatasi ya pili, ya tatu, mpaka uupoteze. Wenzake wengine waliona ni utoto. Yeye alifika nyumbani akaendelea usiku na kitabu.

Halafu maabara yenyewe: meza zimepangwa safu, wanafunzi wawiliwawili wamevaa kaptura na vesti, kila mmoja daktari kwa nusu saa na mgonjwa kwa nusu saa. Wengine huona haya wiki za mwanzo, wengine wana makovu wasiyotaka yaonekane, wengine dini zao zinahitaji mwenza wa jinsia yao na wanapaswa kuomba. Katika miaka miwili ya kwanza jumla ya saa hizo hufika takribani 200. Zilizobaki ni zilezile za mwanafunzi yeyote wa udaktari: maiti na harufu yake inayong'ang'ania nywele, dawa na majina yake, kadi za kukariri kwenye simu saa nane za usiku, kahawa, machozi chooni.

Mitihani je? Wana mtihani wao wa leseni. Wengi wao hufanya pia ule wa wenzao wa MD, ili hospitali zinazochagua wanafunzi wa ubingwa zisipate kisingizio. Malipo mara mbili, usingizi nusu. Na mwaka wa tatu ukifika, kwa kuwa vyuo vingi vya DO havina hospitali yao, mwanafunzi hufunga mizigo akapelekwa kuzunguka wodi za mji mwingine, wakati mwingine jimbo lingine.

Kuna jambo moja alilisema kwa sauti ya chini, kana kwamba walimu wako sebuleni. Wanafundishwa pia mbinu ya kushika fuvu la kichwa, iliyotokana na William Sutherland, mhitimu wa Kirksville wa mwaka 1900. Inadai kwamba mifupa ya fuvu la mtu mzima husogea kwa mdundo, na mkono uliofunzwa huusikia. "Anti, mimi sisikii kitu. Naandika kile wanataka, napita."

Ushahidi wa mbinu hiyo ni hafifu mno, na inanikera kwamba bado inatahiniwa. Kwa maumivu ya mgongo wa chini ushahidi wa tiba ya mikono upo, ingawa faida si kubwa sana. Kwa fuvu linalodunda, hapana.

## Dola 65

Mpaka hapo nilidhani nimeshapata jibu la kaka. Sheria ililimaliza zamani: DO ana leseni kamili katika majimbo yote 50. Kilichonisumbua baadaye ni njia waliyopitia kufika hapo.

Mwaka 1910 Abraham Flexner alichapisha ripoti yake maarufu juu ya vyuo vya udaktari vya Marekani. Alitembelea vyuo vinane vya osteopathi, hakukisifu hata kimoja. Ripoti ile iliua vyuo vingi vya kila aina. Vya osteopathi vilivyobaki vilijirekebisha: maabara, hospitali, masharti magumu ya kuingia. Na dawa. Still alifariki mwaka 1917, na kufikia katikati ya karne wanafunzi wake walikuwa wanaandika dawa kama daktari mwingine yeyote. Dawa nazo zilikuwa zimebadilika. Penisilini si kalomeli. Laiti mzee angeishi aione.

Vita vya pili vya dunia vikaja. Jeshi lilikataa kuwapa DO kazi ya udaktari. Basi MD wakaenda vitani, DO wakabaki mijini, na wagonjwa walioachwa wakawafuata. Waliobaguliwa wakatajirika kwa kubaguliwa.

Halafu California, 1962. Chama cha madaktari cha jimbo na chama cha DO walikubaliana kuungana. Chuo cha osteopathi cha Los Angeles kikageuzwa kuwa chuo cha MD. Leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha California kule Irvine. Madaktari zaidi ya 2,000 waliambiwa: leta dola 65, chukua cheti cha MD. Hawakurudi darasani, zaidi ya semina fupi. Jana walikuwa hawatoshi, leo wanatosha, na kati ya jana na leo kuna stakabadhi ya dola 65. Wakati huohuo wapiga kura wakaidhinisha sheria ya kutowapa leseni DO wapya jimboni humo.

Hapo nilifunga kompyuta nikaenda kutembea.

Kama wale walikuwa madaktari kamili siku moja kabla ya kulipa, dharau ya miaka yote ile ilihusu nini? Na kama shahada inaweza kubadilishwa kwa dola 65 pasipo mgonjwa kuona tofauti, basi na ile fahari ya Still, aliyekataa MD ili watu wake wawe tofauti, ilikuwa imeshakwisha kitambo. Waliuziwa walichokuwa nacho tayari.

Baada ya California vyuo vya DO vilibaki vitano nchi nzima. Wengi walidhani ndio mwisho. Badala yake mwaka 1966 Robert McNamara, waziri wa ulinzi, aliamuru jeshi liwapokee. Mwaka 1969 Michigan ikaanzisha chuo cha DO ambacho baadaye kiliingia chuo kikuu cha umma. Mississippi, jimbo la mwisho, ilitoa leseni kamili mwaka 1973, na mwaka uliofuata mahakama kuu ya California ikafungua mlango uliokuwa umefungwa. Mwaka 2020 mafunzo ya ubingwa ya DO na MD yaliunganishwa chini ya mfumo mmoja wa ithibati. Leo vyuo vimepita 40, na zaidi ya mwanafunzi mmoja kati ya wanne wa udaktari Marekani yuko katika vyuo hivyo.

Wameshinda. Ila madaktari wengi wa DO, wakishahitimu, hawatumii tiba ya mikono kabisa. Hawana muda, bima hailipi vya kutosha, au hawaiamini.

Kwa hiyo swali la kaka mimi naligeuza. Sina shaka kwamba huyu ni daktari kamili. Nina shaka kama bado kuna osteopathi. Kilichobaki, kwa macho yangu, ni zile saa 200: mwanafunzi wa miaka 23 analazimika kugusa mwili wa mtu mzima asiye na ugonjwa, na kuguswa, kabla hajajifunza kuagiza kipimo. Nimekaa mbele ya madaktari waliotazama kompyuta tangu nilipoingia mpaka nilipotoka. Saa 200 si haba.

## Blantyre

Kaka yangu si mtu wa falsafa. Anataka mfano. Nikampelekea Terrie Taylor.

Ni DO, aliyefundisha katika chuo cha osteopathi cha Michigan State. Kuanzia miaka ya 1980, kwa miaka mingi, alikaa takriban nusu ya kila mwaka Blantyre, Malawi, msimu wa mvua, kwenye wodi ya watoto wenye malaria iliyopanda kichwani. Kwetu Tanga degedege haihitaji maelezo. Kaka anajua mtoto anavyokakamaa, na anajua nyumba inavyonyamaza.

Taylor na wenzake walikuwa na swali la kimsingi: watoto hawa wanakufa kwa nini hasa? Kwanza waliomba ruhusa kwa wazazi kuchunguza maiti, wakakuta baadhi ya waliodhaniwa wamekufa kwa malaria ya ubongo walikuwa na ugonjwa mwingine. Mwaka 2008 wakapata mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya ubongo, hospitalini pale. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: kati ya watoto 25 waliofariki, 21 ubongo wao ulikuwa umevimba sana. Mtoto anakosa pumzi kwa sababu ubongo uliovimba unakandamiza sehemu inayoendesha upumuaji. Ukijua hivyo, unajua pa kuelekeza nguvu: msaidie kupumua mpaka uvimbe ushuke.

Kaka alisikiliza mpaka mwisho.

"Na huyo mama ni DO?"

"Ni DO."

"Hakuna mifupa hapo."

"Hakuna."

Akakaa kidogo. Halafu akauliza swali ambalo alipaswa kuuliza siku ya keki: ada ni shilingi ngapi? Na hapo kaka yangu ana hoja nzito. Vyuo vingi vya DO ni vya binafsi, ada inapita dola 50,000 kwa mwaka kabla ya kodi ya nyumba na chakula, na nafasi za ubingwa unaolipa sana, kama upasuaji wa ubongo au ngozi, bado huwaendea MD kwa wingi zaidi. Kijana anayetaka kurudi Tanga akafanye kazi mwaka mmojammoja hospitali ya mkoa, deni hilo atalilipaje?

Mpwa wangu alishalipia nafasi yake muda mrefu, kwa pesa zake za kazi ya maabara, bila kumwambia yeyote. Wifi alijua. Jumapili hii tumekubaliana kukaa wanne mezani na karatasi za mkopo. Kaka amesema niende na kikokotoo, na binti amesema rafiki yake wa Kikenya atakuja na meza yake, kwa sababu baba yake siku hizi analalamika mgongo.